Heko, Fundi wa Dizeli

Pikapu kuukuu ya dizeli ikianza kula mafuta, wengi hulaumu injini. Fundi mzuri haanzii huko. Kwanza hukuagiza ujaze tangi, uandike kilomita, ujaze tena, ili ulaji ujulikane kwa hesabu. Kisha husoma moshi: mweusi, mafuta yamezidi hewa, mweupe, mafuta yanatoka bila kuungua, wa buluu, oili inaungua. Hukagua kichujio cha hewa na upepo wa matairi, hupiga jeki na kuzungusha kila gurudumu kwa mkono kuona kama breki zinashika bila kukanyagwa. Ndipo anapogusa nozeli zinazopulizia mafuta kwenye injini.

Nimemtazama mmoja akipima nozeli nne za Hilux yenye injini ya 3L. Tatu zilitoa ukungu mwembamba. Ya nne ikadondosha matone. "Mzee, mwizi wako huyu hapa," akaniambia. Hakuniuzia pampu wala kushusha injini.

Huo ndio ufundi: kuanza na kilicho rahisi, kupima kabla ya kununua. Mafundi wa namna hii wanalinda mifuko yetu. Tuwaheshimu, na tuwalipe haki ya jasho lao.