Kuupima Ustadi wa Msimamizi wa Kanzidata ya Wingu

Kanzidata inayosimamiwa, yaani hazina ya taarifa zilizopangwa ambayo mtoa huduma wa wingu huitunza kwenye seva zake kwa niaba ya mteja, huwafanya wengi wadhani kwamba hakuna tena ustadi wa kupimwa. Ni kweli kwamba tangu Amazon ilipoanzisha huduma ya RDS mwaka 2009, kusimika programu na kuchukua chelezo, yaani nakala za akiba, kumekuwa kazi ya mitambo. Lakini maamuzi yanayoiongoza mitambo hiyo yamebaki kwa msimamizi.

Kinachostahili kukaguliwa kwanza ni urejeshaji. Chelezo za RDS zinazojichukua hutunzwa kwa muda usiozidi siku 35, na kwa hizo kanzidata huweza kurudishwa kama ilivyokuwa wakati wowote ndani ya muda huo, ila dakika tano hivi za mwisho. Hata hivyo urejeshaji haugusi kanzidata iliyoharibika, bali huunda nyingine yenye anwani yake, hivyo programu zote zinazoitegemea hazina budi kuelekezwa upya. Msimamizi hodari huwa amekwisha kulifanya zoezi hilo siku ya utulivu, na anajua linachukua muda gani. Mbabaishaji huonyesha orodha ya chelezo ambazo hajawahi kuzifungua. Kampuni ya GitLab, ambayo wakati huo ilijiendeshea kanzidata yake yenyewe, iligundua Januari 31, 2017, data ilipokwisha kufutwa kimakosa, kwamba chelezo zake za kawaida zilikuwa zikishindikana kwa kuwa programu ya kuzichukua haikulingana na toleo la kanzidata, huku barua pepe za kuonya zikikataliwa njiani.

Dirisha la matengenezo, yaani nusu saa ya kila wiki ambamo mtoa huduma hufanya marekebisho, hufichua umakini kwa haraka zaidi. Asipolichagua mteja, RDS humchagulia saa za usiku wa mahali seva zilipo. Na kwa kuwa usiku wa Oregon, Marekani, ni mchana wa Afrika Mashariki, duka la Dar es Salaam lenye kanzidata huko laweza kukatiwa huduma saa nne asubuhi, wateja wakiwa foleni.

Ruhusa hukaguliwa upesi: programu inayotumia akaunti kuu ya msimamizi ni dosari isiyo na utetezi. Usafi wa ndani huhitaji jicho kali zaidi, kwa maana katika programu ya kanzidata ya PostgreSQL safu mlalo iliyofutwa huendelea kushika nafasi hadi ifagiliwe, na anayeongeza diski kila mwezi bila kuuchunguza ufagiaji huo hulipia takataka.