Urefu wa Spoku: Kipimo Kinachotangulia Kusuka Gurudumu

Spoku hununuliwa mwisho. Habu na ringi huwa zimekwisha kupatikana, na fundi ameshaamua spoku zipishane mara ngapi, kwa sababu urefu hutokana na mambo hayo matatu kwa pamoja. Saizi ya tairi peke yake haitoshi. Ringi mbili zinazovaa tairi lilelile zinaweza kuhitaji spoku zinazopishana urefu kwa sentimita nzima au zaidi, ikiwa moja ni bapa na nyingine ina kina kirefu kuelekea katikati ya gurudumu.

Kwa baiskeli nzito za mizigo za inchi 28, zilizofuata mtindo wa Kiingereza wa matundu 32 mbele na 40 nyuma, mafundi wengi huenda dukani na spoku ya zamani mkononi na kuomba nyingine kama hiyo. Njia hiyo ni sahihi kabisa maadamu habu na ringi ni zilezile zilizotolewa. Ikibadilishwa ringi tu, spoku ya zamani haisemi tena ukweli, na hapo ndipo hesabu inapolazimika.

Hesabu inadai vipimo vinne. Cha kwanza na kikubwa ni kipenyo cha ringi kinachohusu spoku: umbali kutoka ncha ya spoku ya upande mmoja hadi ncha ya ile inayoielekea, zote zikiwa ndani ya nipeli zake. Hiki hakipimwi kwa kuweka utepe juu ya ringi. Huchukuliwa spoku mbili kuukuu zilizokatwa viwiko, kila moja ikiwa na urefu unaojulikana, tuseme milimita 250. Nipeli hufungwa hadi ncha ya spoku iwe sawa na sakafu ya mfuo wa bisibisi. Kisha spoku huingizwa katika matundu yanayotazamana, kwa mfano la 1 na la 17 kwenye ringi ya matundu 32, na kuvutwa zinyooke kuelekea katikati. Nafasi inayobaki kati yake ikiwa milimita 100, kipenyo ni 250 + 250 + 100, yaani 600. Kazi hurudiwa katika jozi nyingine za matundu, maana ringi nyingi si duara kamili, na wastani ndio unaotumika. Namba iliyobandikwa kwenye ringi au kuchapishwa na kiwanda ni mwanzo mzuri, lakini anayelipia spoku kwa kuitegemea hiyo pekee anacheza bahati nasibu.

Vipimo vitatu vilivyobaki viko kwenye habu: kipenyo cha duara la matundu ya ukingo wake, umbali kutoka katikati ya habu hadi kila ukingo, na upana wa tundu lenyewe. Kalipa ya kawaida inatosha.

Chukua gurudumu la matundu 32, spoku zikipishana mara tatu. Nusu ya kipenyo cha ringi ni 300, nusu ya duara la matundu ya habu ni 29, na ukingo uko milimita 35 kutoka katikati. Kila upande una spoku 16, hivyo pembe ni 3 × 360 ÷ 16, sawa na nyuzi 67.5. Hujumlishwa miraba ya 300, 29 na 35. Hutolewa 2 × 300 × 29 × kosaini ya pembe hiyo. Jibu hutafutiwa kipeuo cha pili, kisha hupunguzwa nusu ya upana wa tundu, hapa 1.3. Inapatikana takriban milimita 291. Gurudumu la nyuma lenye gia nyingi hubanwa upande wa mnyororo ili kuzipa gia nafasi. Ukingo wa upande huo ukiwa milimita 18 tu kutoka katikati, urefu unashuka hadi kama 289.4. Ndiyo maana gurudumu moja la nyuma huhitaji urefu wa aina mbili, na breki ya diski huleta hali kama hiyo mbele, safari hii upande wa kushoto.

Ukiichezea kanuni hiyo kidogo, inaonyesha umakini uelekezwe wapi. Kosa la milimita 2 katika kipenyo cha ringi huhamisha urefu wa spoku kwa karibu milimita 1 nzima. Kosa la milimita 2 katika duara la habu huuhamisha kwa 0.3 hivi. Kukosea milimita 1 katika nafasi ya ukingo ni kama 0.12, kiasi ambacho hakuna atakayekitambua. Kwa hiyo dakika za kurudia kipimo zitumike kwenye ringi.

Jibu likiangukia kati ya urefu mbili zinazouzwa, ni afadhali kushuka. Spoku ya milimita 2.0 ikikazwa kwa nguvu ya kilo 100 hurefuka karibu nusu milimita, na ringi nayo hubanwa ikapungua kidogo; vyote viwili husogeza ncha juu zaidi ndani ya nipeli. Spoku ndefu mno humaliza hesi kabla haijakaza, au hutokeza juu ya nipeli na, kwenye ringi ya ukuta mmoja, kutoboa tyubu. Fupi mno ni hatari ya aina nyingine: hesi zikishika shingoni mwa nipeli bila kufika kichwani, kichwa hukatika, hasa cha alumini. Nipeli za brasi huvumilia zaidi, na kwa baiskeli ya kazi hakuna sababu ya kuchagua nyingine.

Unene huleta mkanganyiko kwa sababu namba za geji hukua unene unapopungua: geji 13 ni milimita 2.3, geji 14 ni 2.0, geji 15 ni 1.8. Nipeli hufuata geji ya spoku. Spoku ya 1.8 itaingia kwenye nipeli ya 2.0, lakini hesi zitateleza mvutano ukipanda. Zipo pia spoku zilizopunguzwa katikati, kama zile za 2.0/1.8/2.0 ambazo DT Swiss ya Uswisi na Sapim ya Ubelgiji huziuza. Wengi huziona dhaifu, na wanakosea. Spoku kwa kawaida hukatika kwa uchovu wa chuma, mara nyingi kwenye kiwiko, kwa kukazwa na kulegezwa kila gurudumu linapozunguka, jambo ambalo Jobst Brandt alilichambua kwa kina katika *The Bicycle Wheel* mwaka 1981. Sehemu nyembamba ya katikati hunyumbuka zaidi na kukipunguzia kiwiko adha. Kwa mizigo mizito, spoku kama DT Swiss Alpine III huongeza unene mahali penye shida tu: 2.34 kiwikoni, 1.8 katikati, 2.0 kwenye hesi.

Chuma kisichoshika kutu kina faida kubwa kuliko kilichopakwa zinki, zaidi sana karibu na bahari. Sumaku si kipimo cha kuaminika cha kuvitofautisha, kwani waya wa chuma hicho ukishavutwa baridi kiwandani huweza kushikwa na sumaku kidogo.

Dukani, spoku hupimwa kwa rula kutoka ndani ya kiwiko hadi mwisho wa hesi, na inafaa kupima kadhaa kutoka fungu moja, kwa kuwa urefu tofauti huchanganyika rafuni. Moja huingizwa kwenye tundu la habu: kiwiko kilale kwenye ukingo bila kuning'inia. Kikiacha nafasi, washa ndogo ya brasi chini ya kichwa huijaza. Idadi ni sawa na matundu, pamoja na mbili au tatu za akiba kwa kila urefu, zinunuliwe siku hiyohiyo na kutoka fungu hilohilo.