Mufalme Gwanggaeto na jiwe lake: namna ya kusoma sifa za mushindi

Kati ya maandiko ya zamani juu ya wafalme, ni machache yaliyosomwa kwa bidii, na tena kwa hasira, kama yale yaliyochongwa mwaka 414 juu ya jiwe la Gwanggaeto, mufalme wa Goguryeo katika Korea. Wakorea hulitaja jiwe hilo kwa kujivuna. Wajapani na Wachina nao wameandika mengi juu yake. Lakini karibu wote wamelifikia na swali moja tu: nani alimushinda nani? Sisi tunataka kulisoma kama andiko zima, tangu mustari wa kwanza hata wa mwisho, na kuuliza mambo matatu: linasema nini, linanyamaza juu ya nini, na jambo gani lilimuhangaisha kweli yule aliyetaka lichongwe? Kwa maoni yetu, jibu la swali hili la tatu haliko katika vita. Liko katika sehemu ya mwisho, ambayo wasomaji wengi wanairuka.

1. Mufalme na jiwe

Siku zile Korea ilikuwa na falme tatu kubwa: Goguryeo upande wa kaskazini, Baekje upande wa kusini-magharibi, na Silla upande wa kusini-mashariki. Gwanggaeto alipokea ufalme wa Goguryeo mwaka 391, akiwa kijana wa miaka 18. Akafa akiwa na miaka 39. Wakati wa maisha yake aliitwa Mufalme Mukubwa wa Furaha ya Milele. Jina Gwanggaeto alipewa nyuma ya kifo chake, na maana yake ni yule aliyepanua inchi.

Mwanawe Jangsu ndiye aliyesimamisha jiwe, karibu na muji mukuu wa wakati ule. Mahali pale leo panaitwa Ji'an, katika jimbo la Jilin, inchi ya China, kando ya muto Yalu. Jiwe lina urefu wa zaidi ya mita 6, lina pande ine, na pande zote zimeandikwa. Watu wamehesabu mistari 44, yenye herufi za Kichina karibu 1,775, kwa maana wakuu wa Goguryeo waliandika kwa Kichina.

Andiko lenyewe limegawanyika sehemu tatu. Ya kwanza inaeleza mwanzo wa ufalme. Ya pili inahesabu vita vya mufalme. Ya tatu inatoa sheria ya walinzi wa kaburi.

Sehemu ya kwanza ni fupi, nayo imejengwa vizuri. Inasema kwamba Chumo, mufalme wa kwanza, baba yake alikuwa Mukuu wa Mbingu na mama yake binti wa mungu wa muto, naye alizaliwa katika yai. Alipofika mbele ya muto mukubwa aliamuru, na kobe wakaelea juu ya maji kuwa daraja lake. Tusicheke hadithi hii, kwa maana ina kazi yake. Kama wafalme wametoka mbinguni, basi kila jirani anayewakatalia si adui tu, ni muasi. Kwa hiyo vita vyote vinavyofuata havitaitwa unyang'anyi. Vitaitwa kurudisha utaratibu. Mwandikaji ameweka musingi wake kwanza, kiisha akajenga ukuta.

2. Hesabu ya vita

Sehemu ya pili inakwenda mwaka kwa mwaka, na karibu kila vita vinaelezwa kwa namna moja: kosa la jirani kwanza, halafu safari ya mufalme au ya waaskari wake, kiisha hesabu ya mateka. Mwaka 396 mufalme mwenyewe anawapiga Baekje, anatwaa ngome 58 na vijiji 700. Mwaka 400 anatuma watu 50,000, wenye miguu na wenye farasi, kuwaokoa Silla walioshambuliwa na Wa, ndio watu wa visiwa vya Japani. Mwaka 410 anakwenda kuadhibu Buyeo ya Mashariki. Mwishoni hesabu inajumlishwa: ngome 64, vijiji 1,400.

Maneno ya sehemu hii ni makavu kama mapigo ya nyundo. Chuki nayo inaonekana wazi. Jina la Baekje haliandikwi sawasawa hata mara moja: mwandikaji ameondoa herufi moja ya jina, na mahali pake ameweka nyingine yenye maana ya mabaki na ukali. Ndivyo anavyowatukana jirani zake kila anapowataja.

Lakini katikati ya ukavu huu kuna mahali pazuri. Nyuma ya kushindwa, mufalme wa Baekje anatoa watu 1,000 na vitambaa vizuri 1,000, anapiga magoti, anaapa kuwa mutumwa wa Gwanggaeto tangu siku ile hata milele. Gwanggaeto anamusamehe makosa yake ya kwanza na kuyapokea maneno yake. Mwandikaji angeweza kufunga habari hapa, na sifa ingekuwa kamili. Hakufanya hivyo. Anasema kwamba mwaka 399 Baekje walivunja kiapo wakapatana na Wa. Hapa jiwe linasema kweli kuliko lilivyokusudia: kiapo kinachotolewa chini ya upanga hakikudumu hata miaka mine.

3. Ukimya wa jiwe

Tunaye mushahidi wa pili. Mwaka 1145 mwenye elimu mumoja wa Korea, Kim Bu-sik, alimaliza kitabu kikubwa cha historia ya falme tatu, kiitwacho Samguk Sagi. Kimeandikwa zaidi ya miaka 700 nyuma ya jiwe. Mutu angefikiri kwamba mushahidi wa karibu anajua yote, na wa mbali anajua kidogo. Sivyo ilivyo.

Kitabu hakisemi neno juu ya kiapo cha mwaka 396, wala juu ya wale watu 50,000 waliotumwa Silla. Lakini kinaeleza vita virefu na Yan, ufalme wenye nguvu upande wa magharibi, ambao jiwe halitaji jina lake. Tena kinaeleza kwamba katika mwaka ule ule wa 400 mufalme wa Yan alikuja na waaskari 30,000, akatwaa ngome mbili za Goguryeo na inchi ya zaidi ya li 700, ndicho kipimo cha Wachina, akahamisha nyumba zaidi ya 5,000. Tuweke habari mbili pamoja: mwaka mumoja, mufalme mumoja, kusini anaokoa muji wa wengine, magharibi ananyang'anywa watu wake mwenyewe. Jiwe limeonyesha mukono wa kuume na kuficha wa kushoto.

Kitabu kinasema pia kwamba Gwanggaeto alijenga mahekalu tisa ya dini ya Buddha katika Pyongyang. Dini hiyo ilikuwa imeingia Goguryeo mwaka 372, karibu miaka 20 tu mbele ya ufalme wake. Jiwe halina habari ya mahekalu hayo. Linajua Mbingu, muto na mababu, basi.

Je, tuseme kwamba jiwe ni la uongo? Hapana. Mwana aliyemusifu baba yake juu ya kaburi hakufanya kazi ya mwalimu wa historia. Lakini musomaji anayesoma sifa za maziko kama hesabu kamili ya maisha, yeye ndiye anayekosa.

4. Ugomvi wa mustari mumoja

Wasomaji wa siku zetu waliongeza kosa lingine. Nyuma ya kuanguka kwa Goguryeo, mwaka 668, jiwe lilisahauliwa. Mwaka 1883 afisa mumoja wa jeshi la Japani alipata nakala yake akaipeleka kwao. Ndani yake mulikuwa na maneno machache juu ya mwaka 391, ambayo Wajapani walisoma hivi: Wa walivuka bahari, wakapiga Baekje na Silla, wakawafanya kuwa watu wao. Mustari huu ukawa silaha, kwa maana Japani ilikuwa inataka kuitawala Korea. Na kweli ikaitawala tangu 1910 hata 1945. Wenye elimu wa Korea wakajibu kwamba herufi kadhaa zimefutika, na kwamba Kichina cha zamani hakionyeshi wazi nani alivuka na nani alipigwa. Huenda Goguryeo yenyewe ndiyo iliyovuka.

Mwaka 1972 Yi Jin-hui, Mukorea aliyeishi Japani, aliandika kwamba jeshi la Japani lilibadilisha herufi kwa chokaa. Chokaa ilikuwako kweli. Lakini nakala za kwanza kabisa, zilipochunguzwa baadaye, hazikuonyesha kwamba jeshi lilidanganya kwa makusudi. Watu wa pale pale waliokuwa wakiuza nakala ndio waliopaka chokaa, kusudi herufi zionekane vizuri na wanunuzi wafurahi. Funzo hili ni la kuchekesha na la kuhuzunisha pamoja: mataifa yamegombana karibu miaka mia moja, na sehemu moja ya ugomvi ililetwa na wachuuzi waliotaka kupendeza macho ya wateja.

Sisi tunauliza: kwa nini herufi chache juu ya Wa ziwe na uzito kuliko andiko lote? Mwandikaji mwenyewe hakuziweka kuwa shabaha yake. Alizitia pale kueleza tu kwa nini mufalme alikwenda vitani.

5. Walinzi wa kaburi

Basi tufike sehemu ya tatu. Karibu theluthi moja ya andiko lote ni yake. Hapa hakuna farasi wala ngome zinazoanguka. Kuna orodha: kutoka kijiji hiki nyumba mbili, kutoka ngome ile nyumba tatu, na kuendelea hivyo mpaka macho yanachoka. Hawa ndio waliowekwa kulinda kaburi la mufalme na kulifagia, wao na watoto wao.

Jiwe linaeleza sababu. Wafalme wa kwanza waliwapa kazi hii watu wa zamani wa Goguryeo. Gwanggaeto aliogopa kwamba watu wake watazidi kuwa wanyonge chini ya muzigo huo. Akaagiza wachukuliwe wale aliowateka yeye mwenyewe, Wahan na Waye. Mwanawe akafuata agizo, akachukua nyumba 220 za mateka. Lakini akafikiri kwamba wageni hawajui desturi, akaongeza nyumba 110 za watu wa zamani. Jumla nyumba 330. Kiisha sheria inawekwa: walinzi hawa wasiuzwe, hata tajiri asiwanunue. Atakayeuza ataadhibiwa, na atakayenunua atafanywa mulinzi wa kaburi yeye mwenyewe.

Kwa nini hangaiko kubwa namna hii? Jiwe lenyewe linajibu nusu: mbele ya hapo makaburi ya mababu hayakuwa na mawe yenye maandiko, na hesabu ya walinzi ilivurugika. Nusu nyingine tunaiona katika historia. Mwaka 342 waaskari wa Yan ya kwanza waliteketeza muji mukuu wa Goguryeo, wakachukua mateka zaidi ya 50,000, wakafukua kaburi la mufalme Micheon na kuchukua maiti yake. Micheon alikuwa baba ya babu yake Gwanggaeto. Maiti ilirudishwa mwaka uliofuata, kwa zawadi na kwa unyenyekevu. Kisha mwaka 371 babu mwenyewe, mufalme Gogukwon, aliuawa vitani na Baekje. Kijana aliyelelewa kati ya ukumbusho wa namna hii, si ajabu akitawala miaka 20 na mawazo mawili: kuwapiga wale waliomuua babu, na kulilinda kaburi.

Hapa ndipo tunapomuona mutu nyuma ya majina makubwa. Vita vinatuonyesha mushindi. Sheria ya walinzi inatuonyesha mutu anayeogopa. Alijua kwamba kaburi la mufalme linaweza kufukuliwa, kwamba watu wanaweza kuuzwa, kwamba matajiri hawangojei sheria. Lakini tuseme na lililo baya. Huruma yake iliwafikia watu wake, ikaishia pale. Muzigo uliokuwa muzito kwa Wagoguryeo uliwekwa juu ya mabega ya mateka, pamoja na watoto waliokuwa hawajazaliwa. Orodha inataja walikotoka na hesabu ya nyumba zao. Wao wenyewe wamebaki hesabu tu.

6. Hukumu yetu

Kama andiko, jiwe hili lina uzuri wake: mwanzo mufupi, vita vinavyokwenda kwa mwendo mumoja, mwisho wenye sheria iliyo wazi. Kosa lake ni kwamba linahesabu yaliyotwaliwa na kunyamaza juu ya yaliyopotea. Lakini linastahili kusomwa kuliko sifa nyingi za wafalme, kwa sababu halikuweza kuficha wasiwasi wa mwenyewe.

Tuongeze neno moja tu. Nyumba 330 ziliwekwa kulinda kaburi milele. Kwa karne nyingi Wakorea wenyewe walidhani kwamba jiwe lile ni la mufalme wa taifa lingine. Na hata leo wenye elimu hawajapatana kaburi lake ni lipi kati ya makaburi mawili makubwa ya Ji'an. Ngome 64 zina mabwana wengine, na walinzi wametawanyika. Jiwe limebaki. Anayetaka kumujua Gwanggaeto asiishie penye hesabu ya ngome; azunguke mpaka upande wa ine, asome ile orodha ndefu ya watu wenye kufagia.