Oganda, Nyawir na Msukumo wa Mtunzi: Grace Ogot na Wanawake wa Kale

Wahakiki wengi, wanapoulizwa ni jambo gani linalomsukuma mtunzi aandike juu ya wanawake wa kale, hujibu kwa haraka kwamba ni haja ya kuipatia jamii mashujaa. Jibu hilo laweza kumtosha anayetunga juu ya Mekatilili wa Menza, ambaye kukamatwa kwake mwaka 1913 na kurudi kwake kutoka kifungoni Kisii mwaka uliofuata kulihifadhiwa hata na maafisa wale wale waliomfunga. Halimtoshi Grace Ogot. Wanawake aliowachagua hawakuongoza vita, hawakutajwa katika faili lolote la serikali, na huenda hawakupata kuishi kamwe. Kwa nini basi mwandishi huyu, ambaye alikuwa muuguzi na mtangazaji, na baadaye mbunge, aliwarudia kwa muda wa miaka ishirini?

Maelezo yanayotolewa mara kwa mara ni ya mkutano wa waandishi uliofanyika Makerere mwaka 1962. Hapo alisoma hadithi yake, na inasimuliwa kwamba alipoona kazi za Afrika Mashariki hazimo miongoni mwa zile zilizoonyeshwa, alipata hamu ya kuchapisha. Hadithi hiyo ilitoka mwaka 1963 katika jarida la Black Orpheus kwa jina la A Year of Sacrifice, kisha ikaingia katika mkusanyo wa Land Without Thunder (1968) kwa jina la The Rain Came. Lakini hamu ya kuchapisha ni jambo moja, na hamu ya kuandika juu ya msichana anayetolewa kafara ni jambo jingine. Mtu aliyekerwa na upungufu wa vitabu angaliweza kuandika juu ya chochote.

Yafaa kutazama karibu zaidi na nyumbani. Mwaka 1959 Grace aliolewa na Bethwell Ogot, mwanahistoria ambaye kitabu chake, History of the Southern Luo (1967), kilionyesha kwamba masimulizi ya mdomo yaweza kuwa ushahidi halali wa historia. Kwa kuhesabu vizazi na kulinganisha nasaba, kitabu hicho kiliwarudisha wasomaji nyuma hadi mwaka 1500. Hiyo ilikuwa kazi kubwa, na hakuna aliyeandika historia ya Afrika Mashariki baada yake ambaye hakufaidika nayo. Hata hivyo nasaba ina tabia yake. Hutaja baba na mwana, baba na mwana. Mama hutokea hasa pale ambapo nyumba za wake zinagawanyika na kila ukoo mdogo kutafuta jina la kujitambulisha. Huyo mama hana neno alilolisema. Kosa si la mwanahistoria, kwani hivyo ndivyo wazee walivyozisimulia nasaba hizo katika duol, kibanda cha mwenye boma, ambamo wanaume huota moto na kuamua mambo ya ukoo. Katika boma hilo hilo kulikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi kizee ambamo watoto walilala na kufunzwa kwa hadithi. Grace Ogot, aliyezaliwa Asembo mwaka 1930, alilelewa na hadithi za bibi yake. Mtu aliyezijua njia hizo mbili za kuhifadhi yaliyopita asingeweza kukosa kuona lile ambalo njia ya kwanza haikulibeba.

Mfano ni Oganda. Mvua imekataa kunyesha, na mganga Ndithi amemwambia Labong'o, mtawala wa watu hao, kwamba babu yao Podho anamtaka binti yake wa pekee apelekwe kwa zimwi la ziwani. Katika masimulizi ya duol habari hii ingekwisha kwa sentensi mbili: ukame ulikuja, msichana akatolewa. Ogot anaifungua sentensi ya pili. Oganda amefungiwa nje ya nyumba ambamo shauri lake linakatwa, naye anadhani kwamba wazee wanajadili ndoa yake. Anawapima wachumba moyoni mwake, mmoja mmoja, na kuwacheka baadhi yao. Baadaye, watu wanapomwaga, mtoto mgonjwa anampa kipuli akimwomba amfikishie dada yake aliyefariki wiki iliyopita na kukisahau. Oganda anakipokea, naye anampa mtoto huyo maji na chakula chake cha safari, maana yeye hatavihitaji tena. Hakuna nasaba inayoweza kuhifadhi kipuli hicho. Wala haina maana kuuliza kama kilikuwapo kweli; kinachothibitishwa hapa ni kwamba aliyetolewa alikuwa mtu, na kwamba jamii iliyomtoa ililijua hilo.

Kuna chanzo cha pili ambacho hakijachunguzwa vya kutosha. Baba yake, Joseph Nyanduga, alikuwa mwalimu katika shule ya wasichana ya misheni huko Ng'iya, naye alimsomea mwanawe visa vya Agano la Kale. Msomaji wa Waamuzi, sura ya 11, atamkumbuka mara moja binti wa Yeftha, mtoto wa pekee, aliyeomba miezi miwili akalie ujana wake milimani kabla ya baba yake kutimiza nadhiri. Biblia haikumpa jina. Ogot anampa wake jina, na kumpa pia Osinda, mpenzi anayemfuata hadi ukingoni mwa ziwa, akamvika vazi la majani ili macho ya mizimu yasimwone, na kukimbia naye. Kisha mvua inanyesha.

Mwisho huo umewafurahisha wasomaji wengi, nao una ujasiri wake: ikiwa mvua imekuja na Oganda yu hai, basi agizo la Podho halikuwa na nguvu iliyodhaniwa. Lakini una udhaifu usiopasa kufichwa. Oganda hakujiokoa. Ametoka mkononi mwa baba akaingia mkononi mwa mchumba, na katika saa ile ya mwisho uamuzi si wake. Mtunzi alikuwa amempa msichana huyo mawazo, ila bado hajampa tendo.

Tendo lilikuja miaka ishirini baadaye, katika Miaha (1983), riwaya aliyoiandika kwa Kijaluo. Kisa chenyewe kinajulikana: zamani jembe lilipigwa ardhini mara moja tu, mwenyewe akarudi nyumbani, nalo likalima peke yake, mpaka bibi arusi mgeni, Nyawir, alipokaidi na kulima kwa mikono yake. Tangu hapo binadamu hula kwa jasho. Hapa tena Agano la Kale linanong'ona, kwani Hawa naye anatajwa kuwa chanzo cha taabu. Ila Hawa alishawishiwa. Nyawir alitaka kufanya kazi. Kosa lake, kama ni kosa, ni bidii, na kwa kosa hilo watu wote wanaingia katika historia, maana jamii ambayo jembe lake hujilimia haina misimu ya kukumbuka wala deni la kulipa.

Uchaguzi wa lugha nao ni sehemu ya msukumo huo, jambo ambalo wanaomsoma Ogot kwa Kiingereza pekee hawawezi kuliona. Msomaji wa The Rain Came huko ng'ambo alisubiri kujua kama Oganda atakufa. Msomaji wa Miaha alikwisha kujua kisa kabla ya kufungua kitabu. Alikisikia utotoni, na huenda alikisikia kikisimuliwa ili kumlaumu mwanamke. Mbele ya msomaji wa namna hiyo mtunzi hawezi kutegemea mshangao wa tukio. Imembidi aweke nguvu zake zote katika sababu: bibi arusi huyo aliona nini shambani, mama mkwe alimkanya kwa maneno gani, na kwa nini hakutii. Okoth Okombo, mwanaisimu, aliitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1989 kwa jina la The Strange Bride, na tafsiri hiyo imeisafirisha mbali. Lakini msomaji wake mpya, asiyekijua kisa, hurudi tena kusubiri kitakachotokea, na lawama ya zamani ambayo Nyawir anaijibu haimfikii.