Ngeli Ndani ya Kompyuta: Uhakiki wa Kiswahili cha Programu Huria kwa Kipimo cha Mkwiro

Tangu Kiswahili kianze kuingizwa katika kompyuta, mjadala wa wataalamu umekuwa karibu wote juu ya istilahi. Mwishoni mwa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice ya Kiswahili, watu waligombania majina. Tanzania ilikuwa imekwisha kuridhika na neno kompyuta, na Kenya ilikuwa ikifundisha tarakilishi, neno lililofinyangwa kwa tarakimu na akili. Ugomvi huo ulikuwa na faida yake, lakini uliwafanya wengi waamini kwamba kazi ya lugha imekwisha pale orodha ya maneno inapokwisha. Sarufi iliachwa nje ya mlango. Makala haya yanahakiki kile kilichoachwa nje, kwa kutazama zana ndogondogo za mfumo pamoja na Nuru, lugha ya kuandikia programu ambayo maneno yake ni ya Kiswahili.

Kwa kazi hiyo kinahitajika kipimo kilicho mbali na meza za wasanifishaji, na Mkwiro yafaa. Kijiji hicho kiko upande wa mashariki wa kisiwa cha Wasini, ng'ambo ya Shimoni, katika Kaunti ya Kwale. Lahaja ya wenyeji wake ni Chifundi, ambayo H. E. Lambert aliichapishia kijitabu mwaka 1958, mwaka mmoja baada ya kile cha Kivumba, lahaja ya majirani zao wa kijiji cha Wasini. Jina lenyewe la lahaja latosha kuonyesha tofauti: pale ambapo Kiswahili Sanifu kina ki-, wao wana chi-, kama walivyo nayo Wadigo wa bara yao. Kiunguja kilipoteuliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Usanifu, na Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930, kisiwa hiki hakikuulizwa neno. Msemaji wa Chifundi anayefungua kompyuta leo ni msomaji ambaye hakuna aliyemkusudia.

Hata hivyo, kwa upande wa msamiati, msomaji huyo hakudhulumiwa kama itarajiwavyo. Zitazamwe istilahi zilizoshika. Kupeleka faili kwenye mtandao ni kupakia, na kulichukua huko ni kupakua. Hiyo ni lugha ya shehena na chombo. Kivinjari kimetokana na kuvinjari, kuzungukazunguka kwa chombo huku macho yako kazini. Mtandao una tanda ndani yake, na atandaye wavu hahitaji kufafanuliwa. Bila ya kukusudia, wataalamu wa Dar es Salaam waliijaza kompyuta maneno ya pwani, na mvuvi wa Mkwiro ana haki nayo kuliko mwanafunzi wa mjini ambaye hajapata kuona jahazi likipakiwa.

Matatizo huanza maneno yanapopangwa kuwa sentensi. Zana za mfumo wa GNU na Linux zina majina mafupi: cp hunakili, mv huhamisha, grep hutafuta mistari yenye maneno fulani. Majina haya hayahitaji kutafsiriwa. Hata kwa Mwingereza grep si neno. Ni mabaki ya amri ya kihariri cha zamani kiitwacho ed, na kila mtu hujifunza upya maana yake. Kinachohitaji Kiswahili ni majibu ya zana hizo, yaani ujumbe utolewao amri inapofaulu au inaposhindwa. Kwa kawaida ujumbe huo hutafsiriwa kwa njia ya gettext, ambayo tangu 1995 imekuwa zana kuu ya kazi hii katika programu huria. Mtunzi wa programu huandika sentensi yenye pengo, mfasiri huipa sentensi ya lugha yake yenye pengo lilelile, na kompyuta hulijaza pengo hilo wakati wa kazi.

Kwa Kiingereza pengo hili halina madhara, kwani kitenzi hakijali kilichotiwa humo. Kwa Kiswahili kitenzi kinajali sana. Mathalani, programu inataka kuarifu kwamba kitu fulani kimefutwa, na pengo laweza kujazwa kwa picha, ujumbe, kiungo au faili. Mfasiri akiandika «imefutwa», picha imetendewa haki, lakini «kiungo imefutwa» si Kiswahili cha Unguja, wala cha Mombasa, wala cha Mkwiro. Hapa ndipo lahaja za pwani zinapokutana: tofauti ya ki- na chi- ni ya sauti tu, bali sharti la kwamba kiambishi cha kitenzi kifuate ngeli ya nomino halina lahaja ya pwani iliyolikana. Kwa hiyo kosa la upatanisho humuudhi mzee wa Mkwiro sawasawa na limuudhivyo mhariri wa kamusi, ilhali neno geni kama tarakilishi huweza kumpita asijali.

Gettext ina kifungu cha umoja na wingi, nacho kina manufaa. «Picha 1 imefutwa» na «picha 3 zimefutwa» huandikwa kama sentensi mbili kamili, jambo linalofaa sana kwa kuwa nomino yenyewe haibadiliki na wingi hubebwa na kitenzi. Lakini zana hiyo huhesabu tu, haijui ngeli. Hata mwongozo wake huwaonya watunzi wasiikate sentensi vipande, na onyo hilo hupuuzwa kila siku. Aidha, ngeli ya maneno mapya yenyewe haijatulia: wako wasemao «faili hili» na wako wasemao «faili hii», na wafasiri wawili wa programu moja wanaweza kutofautiana pasipo yeyote kuwa mjinga.

Wafasiri wazuri wamejifunza hila. Hutia nomino tawala mbele ya pengo: «Faili «barua» limefutwa», «Hakuna kitu chenye jina hilo». Kitu hapo kinafanya kazi kubwa kuliko umbo lake, kwa sababu huchukua upatanisho wote na kuliacha pengo huru. Hila hii inastahili kuandikwa katika vitabu vya mafunzo ya tafsiri, ambavyo hadi sasa hushughulika na msamiati kupita kiasi.

Nuru, iliyojitokeza katika miaka ya 2020, ina hali nyingine. Waundaji wake hawakutafsiri ujumbe wa mtu. Walitaka amri zenyewe ziwe za Kiswahili. Sharti huanza kwa kama, hufuatwa na au kama, na huishia kwa sivyo. Kweli hukabiliwa na sikweli. Thamani hutolewa kwa rudisha, maandishi kwa andika, na kisicho na kitu ni tupu. Kazi mpya hutungwa kwa unda, na uteuzi huo ni bora kupita wote, kwa kuwa unda ni kitenzi cha mafundi wa vyombo: jahazi huundwa. Sivyo nalo ni neno lililokaa mahali pake, kwa maana hurejelea yote yaliyotangulia na kuyakanusha kwa mkupuo mmoja. Wapo watakaolaumu sikweli kwa kuunganishwa na ktk kwa kufupishwa. Lawama hizo ni ndogo. Kompyuta hutaka neno lisilokatika, na ktk imekuwa katika madaftari ya wanafunzi muda mrefu kabla ya Nuru.

Lawama kubwa iko kwingine. Nuru imetokana na Monkey, lugha ndogo ya mafunzo ambayo Thorsten Ball aliijenga katika kitabu chake juu ya kutunga vikalimani kwa lugha ya Go, na mifupa ya amri zake imebaki ya Kiingereza. Anayetaka kupitia orodha kitu kimoja kimoja huandika «kwa i ktk orodha». Kwa hapa si kwa ya Kiswahili; ni kivuli cha neno la Kiingereza. Msemaji wa lahaja yoyote ya pwani angesema «kila i ktk orodha», na asingehitaji maelezo. Vunja, inayotumika kutoka katika mzunguko kabla haujaisha, ina kasoro hiyohiyo: Mswahili huvunja chungu au ahadi, bali kazi aiachayo njiani huikatiza.

Kinyume chake, pale Nuru inapozungumza na mtumiaji, Kiswahili chake kimesimama wima. Makosa huarifiwa kwa maneno kama «Neno Halifahamiki», «Operesheni Haieleweki», «Aina Hazilingani». Viambishi vitatu, kila kimoja mahali pake, kwa sababu kila ujumbe umeanzia kwenye nomino yake wala haukuanzia kwenye pengo. Waundaji walipotunga wenyewe, sarufi ilikuja bila ya kuitwa.

Je, sarufi hiyo ingeweza kuingia ndani ya amri zenyewe? Damian Conway alionyesha mwaka 2000, kwa Perligata yake, kwamba programu za Perl zaweza kuandikwa kwa Kilatini, na viishio vya maneno vikaamua uhusiano wao badala ya mpangilio. Kiswahili hubeba sharti ndani ya kitenzi: ikizidi, ingezidi, izidipo. Kikalimani kinachoweza kuchambua viambishi hivyo kingeweza kuachana na kama kabisa. Ama kuhusu kuzifanya ngeli ziwe aina za data, shauku ipunguzwe. Neno huchukua li-, lakini namba, orodha na kamusi, ambazo Nuru huzitenga kuwa aina tatu, zote huchukua i-. Ngeli haziwezi kuifanya kazi ambayo hazikuumbiwa.

Limebaki suala la nani mwenye ruhusa. Mifumo ya GNU na Linux imeweka mafaili mawili ya mazingira ya Kiswahili, sw_KE na sw_TZ, kana kwamba lugha hugawanyika penye mpaka wa Lunga Lunga. Mkwiro, ulio karibu na mpaka huo, umetiwa katika sw_KE pamoja na Nairobi, na hakuna alama iliyosazwa kwa Chifundi. Wako watakaosema kwamba kufungua mlango wa lahaja kutaleta vurugu. Hoja hiyo ina nguvu kwa vitabu vya shule. Kwa amri za programu haina. Amri za Nuru zimeorodheshwa katika jedwali moja la msimbo ulio wazi, na kijana wa Mkwiro akiweka humo maneno ya kwao, programu yake yaweza kurudishwa katika maneno ya Nuru kwa zana ya zamani kama sed, neno kwa neno. Ujumbe wa makosa ndio usiogeuzika hivyo. Huo hudai mtu aketi na kutunga upya, sentensi baada ya sentensi. Ama kuibadili kwa iwe kila, kazi hiyo haihitaji kamati wala mkutano: katika jedwali ni mstari mmoja.