Gitaa Linalojua Kunyamaza

Mwaka 2013 Selwyn Birchwood, kijana wa Florida, alienda Memphis kwenye International Blues Challenge na akabeba mbili: bendi yake ilishinda, naye akapewa tuzo ya Albert King ya mpiga gitaa. Ukimwona jukwaani, miguu pekupeku, unangoja zile mbio za vidole. Zipo, lakini kwa kipimo. Anaimba mstari, gitaa linajibu, halafu anaacha nafasi. Hiyo nafasi ndiyo ya kusomea.

Mashindano yenyewe yanambana mtu vizuri. Majaji hawapimi vidole pekee. Sauti ina alama zake, na bluzi yenyewe ndiyo yenye uzito kushinda vyote. Ukipitisha muda unakatwa. Sasa wewe jaza kila pengo na noti, tuone.

Tena angalia jina la tuzo. Albert King alipiga kwa mkono wa kushoto, nyuzi zikiwa juu chini, akizivuta kuelekea chini mpaka noti moja ilie kama mtu. Hakuhitaji kumi.

Benga inajua haya mambo kitambo: solo humfuata mwimbaji, haimkanyagi. Lakini nenda shoo za wikendi hapa Nairobi usikie magitaa yanavyogombana na mwimbaji, wacha tu.

Mimi hurudia pale Birchwood anapolaza gitaa mapajani, ufundi aliorithi kwa Sonny Rhodes. Chuma kinateleza juu ya uzi, na noti inachelewa. Makusudi. Funga macho uhesabu mapigo.