Trauti wa Msimu wa Baridi: Mvuvi Asimame Wapi?

Juni ikiingia, Runyenjes hubadilika sura. Masika yamekwisha, ukungu unateremka kutoka Mlima Kenya, na wachumaji wa chai wa upande wa Rukuriri huenda shambani na makoti. Wengi huuchukia msimu huu. Mvuvi wa trauti huungoja mwaka mzima.

Sababu iko majini. Mvua za Aprili na Mei huteremsha udongo wa mashambani, mito ikawa na rangi ya chai ya maziwa. Kufikia Julai maji yameshuka na kutakata hadi kokoto zinahesabika. Tena ni baridi, na trauti ni samaki wa baridi: hustawi maji yakiwa kati ya nyuzi 10 na 16 hivi, na yakipita 20 huanza kutaabika, kwa kuwa kadiri maji yanavyopata joto ndivyo oksijeni inavyopungua. Ndiyo maana kumtafuta chini ya daraja la Thuci, kwenye barabara ya Embu kwenda Meru, ni kupoteza siku. Ni lazima kupanda, kuyapita mashamba ya kahawa, kisha ya chai, hadi kwenye msitu wa Irangi.

Samaki mwenyewe ni mgeni. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Uskoti, yakapandwa katika mto Gura, milima ya Nyandarua. Trauti wa rangi za upinde wa mvua alifuata mwaka 1910 kutoka Afrika Kusini. Baadaye mito ya Mlima Kenya nayo ikapandwa samaki, na mjini Embu hoteli ya Izaak Walton hadi leo ina jina la Mwingereza aliyechapisha kitabu cha uvuvi wa ndoana mwaka 1653. Walton hakuwahi kufika Afrika, lakini jina lake limekaa Embu kuliko majina ya wakoloni wengi waliofika.

Turudi mtoni. Mvuvi wa pwani anayerusha mshipi kutoka mwambani hungoja maji yajae yamletee samaki. Huku juu hakuna kupwa wala kujaa. Trauti hujibanza mahali pamoja, nyuma ya jiwe au pembeni mwa mkondo, kichwa akikielekeza yanakotoka maji, akingoja mabuu ya wadudu yaletwe na mto. Basi anayeteremka na mto anamkabili uso kwa uso, na anayepanda anamjia kwa nyuma. Kosa la wageni wengi ni hilo la kuteremka, na hakuna nzi bandia, hata awe wa bei gani, atakayelifidia.

Kosa la pili ni kusimama wima. Mwanga hupinda unapoingia majini, kwa hiyo samaki huona ya nchi kavu kupitia duara la juu ya kichwa chake tu, na kitu kilicho chini ya nyuzi 10 hivi kutoka usawa wa maji hakioni vizuri. Hesabu ni rahisi. Mtu wa mita 1.7 akisimama ukingoni, mita 5 kutoka kwa samaki, kichwa chake kiko nyuzi 19 hivi: ameshaonekana. Akipiga goti umbali wa mita 6, kichwa kikiwa mita 1 juu ya maji, anashuka chini ya nyuzi 10. Maji ya masika humsitiri mzembe. Ya Julai hayamsitiri mtu.

Saa nayo ina uzito wake. Miezi ya joto alfajiri ndiyo saa nzuri, ila wakati wa baridi kudamka hakuna faida kubwa. Maji yakiwa baridi mno samaki hupunguza kula, na wadudu huanza kutembea jua likijitokeza, kuanzia saa nne hadi saa tisa. Saa hizo nzi mwenye uzito kidogo, anayezama na kupita karibu na kokoto, hufaa kuliko anayeelea, kwani trauti wa baridi hapendi kupanda juu kufuata tonge.

Miti ya Irangi imeinama juu ya mto, kwa hiyo kuzungusha ufito nyuma ya bega ni kuvua matawi. Wazoefu hushika nzi kwa vidole viwili, wakaukunja ufito kama upinde, kisha wakaachia. Nzi huruka mita chache na kutua chini ya kichaka, mahali ambapo mrusho wa kawaida haufiki. Mshipi ukisita hata kidogo, ufito huinuliwa papo hapo, maana trauti hutema nzi bandia haraka.

Wengi wanaonaswa kwenye vijito hivi ni wadogo. Anayerudishwa mtoni hushikwa kwa mikono iliyoloweshwa, kwa sababu kiganja kikavu humvua ute unaomkinga na ukungu wa ngozi.